Wenye saluni, mteja kuungua si dalili kwamba dawa imekolea

Ndugu zangu, nimechoshwa na neno "vumilia kidogo" ambalo wasusi wengi hapa Dar es Salaam humwambia mteja anaposema kwamba dawa ya kunyoosha nywele inamchoma. Mdogo wangu aliambiwa hivyo hivyo, akavumilia, na sasa ana vidonda nyuma ya masikio, huku nywele za kisogoni zikibaki kwenye chanuo kila anapochana. Aliporudi kulalamika, alijibiwa kwamba ngozi yake ndiyo laini mno.

Hakuna ngozi ngumu mbele ya dawa hiyo. Nyingi hutengenezwa kwa haidroksidi ya sodiamu, yaani kostiki soda ile ile ya kutengenezea sabuni, na hata zile zisizo na kostiki, ambazo huchanganywa muda mfupi kabla ya kupakwa, ni kali vilevile kwa ngozi zikikaa kupita kiasi. Dawa hunyoosha unywele kwa kuvunja vifungo vya salfa vilivyomo ndani yake, na ikifika kwenye ngozi huila pia. Muda wake unapimwa kwa saa na kwa maelekezo ya kwenye kopo, wala haupimwi kwa machozi ya mteja. Ikianza kuchoma inaoshwa papo hapo, hata kama upande mmoja haujanyooka.

Lakini kopo lenyewe mteja halioni, kwa kuwa dawa imekwisha kuhamishiwa kwenye chombo kisicho na lebo, na ile ya kuchanganya ikibaki anawekewa mteja wa kesho ilhali maelekezo yanataka itupwe. Anayekuja kurudia dawa anapakwa kuanzia kwenye mizizi hadi kwenye ncha, badala ya kupakwa kwenye nywele mpya zilizoota tu, na nywele zikishakatika anauziwa mafuta ya kukuza.

Kinachoniudhi kuliko yote ni uoshaji. Ipo shampuu maalumu ya kuzimua dawa, yenye asidi kidogo, na baadhi yake hutoa povu la waridi iwapo dawa bado imo, hivyo mwoshaji hurudia mpaka povu liwe jeupe. Mdogo wangu alioshwa mara moja tu, kwa shampuu ya kawaida iliyoongezwa maji, kisha akasukwa rasta za kubana siku hiyo hiyo, wakati nywele zilizotoka kuwekwa dawa zinahitaji kupumzishwa angalau wiki 2.

Mwenye saluni amekataa kurudisha fedha wala kuchangia gharama za matibabu. Risiti tunayo, na picha za vidonda tunazo. Aliyewahi kufikisha dai la namna hii kwenye Tume ya Ushindani naomba anieleze alianzia wapi na alitakiwa kupeleka vielelezo gani.