Mnatuita kwenye mashauriano wakati barua za kuachisha watu mmeshazisaini?

Wakuu, nina hasira na sitazunguka. Kampuni ninayofanyia kazi hapa Barabara ya Nyerere, jina naliacha, imepunguza watu mwezi huu. Mimi nimebaki. Walioondolewa ni watu tuliokuwa tunakula nao kwa mama ntilie mmoja miaka yote, na jinsi walivyoondolewa imenikaa kooni.

Biashara kuyumba tunaelewa. Mtu yeyote wa stoo aliona oda zinavyopungua. Tulichotaka ni kusikilizwa kabla ya uamuzi, na hiyo si hisani. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri atoe notisi mara tu anapokusudia kupunguza watu, aweke wazi taarifa zote zinazohusika, kisha ashauriane na wafanyakazi au chama chao: sababu ni nini, kuna njia gani za kuepuka, watachaguliwaje, lini, na watalipwa nini. Msipokubaliana, jambo linakwenda kwenye usuluhishi.

Sisi tuliitwa kantini Ijumaa saa tisa alasiri. Meneja rasilimali watu akasoma slaidi zake. Dereva mmoja mkongwe akanyanyuka, akasema kwa adabu zote: "Bosi, magari yetu yanarudi matupu kutoka Dodoma kila wiki. Tutafute mzigo wa kurudi nao. Na ovataimu ikatwe kwanza, kabla ya kukata watu." Hilo ni wazo la mtu anayeijua kazi. Pale meza kuu hakuna aliyeshika hata kalamu. "Tumelipokea mzee wangu," wakaita mwingine. Huku nyuma karatasi inazunguka, tunaambiwa tujaze majina na sahihi kwa ajili ya nauli.

Jumatatu barua zikatoka. Mstari wa kwanza: "Kufuatia mashauriano yaliyofanyika na wafanyakazi..." Ushahidi wao ni ile karatasi ya nauli. Na tarehe ya barua? Jumatano, siku mbili kabla hatujakanyaga kantini! Barua inasimulia kikao ambacho hakijafanyika.

Kwa nini naumia hivi? Kwa sababu kiinua mgongo cha kisheria ni kidogo mno. Ni siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia, na mwisho wa kuhesabu ni miaka 10. Yule mzee ana miaka zaidi ya hiyo, kwa hiyo sheria inamhesabia siku 70 basi. Tena mshahara wa msingi, posho za safari hazimo, na dereva familia yake inaishi kwa posho. Cha kuzidi hapo kinapatikana mezani kwa kuzungumza. Hiyo meza ndiyo waliyomnyima, na ana watoto wawili sekondari.

Sisi tuliobaki tumepewa meseji moja kwenye kundi la WhatsApp: tuchape kazi, tusonge mbele. Supavaiza wetu sasa anabeba zamu mbili. Hajaulizwa kama anaweza, na yeye hasemi, anaogopa orodha ya pili. Stoo nzima watu wananong'ona. Hivi menejimenti inashindwa nini kuja kukaa na watu nusu saa, ijibu maswali, iseme kama kuna orodha nyingine au hakuna?

Maofisa rasilimali watu mliomo humu, njooni mnijibu: nani huwa anawashauri kuandika barua kwanza na kusikiliza baadaye?

Na ndugu zangu wenye barua, msikae nyumbani mkisubiri huruma. Malalamiko ya kuachishwa kazi yanafunguliwa CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30, na zimeshaanza kuhesabiwa. Nendeni na barua na mkataba. Daini notisi, likizo ambayo hamkuchukua na cheti cha utumishi. Nakala ya ile karatasi ya sahihi nayo iombeni itolewe, ionekane ilikuwa ya nini.