Serikali ifanye nini ili umeme wa nyumbani upungue gharama?

Mkaazi wa Wete
Assalaam alaykum. Nyumbani kwetu tunakaa familia tatu: mama yetu, mimi na wanangu, na kaka yangu na mkewe. Tukuza, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ni moja na umeme tunauchangia. Wiki iliyopita nilikuwa nikiandika tarakimu za mita kwenye daftari la skuli la mwanangu, jioni na alfajiri, nikagundua kwamba hata taa zote zikizimwa, friji letu la mtumba, ambalo mpira wa mlango wake umekatika, hula zaidi ya yuniti moja kila usiku. Kuzima taa tunazima. Ninalouliza ni sera: serikali ina uwezo gani wa kutupunguzia mzigo huu?

Mstaafu, Chake Chake
Waalaykum salaam, mwanangu. Umeme wetu wa Zanzibar kwa sehemu kubwa hununuliwa kwa jumla kutoka Tanzania Bara na kuvushwa kwa waya wa chini ya bahari. Unguja huupokea Fumba kutoka Ras Kiromoni, na sisi Pemba tumeunganishwa na Tanga tangu mwaka 2010. Kwa hivyo kodi inayotozwa katika mauzo hayo humfuata mlaji hadi jikoni. Mwaka 2019 Sheria ya Fedha ya Muungano iliweka kodi ya ongezeko la thamani kuwa asilimia sifuri kwa umeme unaouzwa Zanzibar kutoka Bara, na naiona kuwa hatua ya haki kabisa. Kila nafuu ya namna hiyo inapopatikana, ZURA, ambayo ndiyo mdhibiti wa bei, iwaeleze wananchi kwa lugha nyepesi ni shilingi ngapi zimefika kwenye mita.

Ummu Salma, Jang'ombe
Nakubaliana na mzee wetu, lakini kaka wa Wete ametaja jambo zito zaidi, nalo ni mita moja kwa familia tatu. Bei ya nafuu kwa watumiaji wadogo, inapopimwa kwa mita badala ya kaya, huwaacha nje watu waliokusudiwa, kwa kuwa matumizi madogo ya familia tatu yakijumlishwa huonekana kama ya tajiri mmoja. Mtu anayeishi peke yake katika nyumba yenye kiyoyozi anaweza kuhesabiwa mnyonge kuliko mama yenu. Sheha, kiongozi wa serikali katika mtaa, anazijua kaya za shehia yake. Athibitishe idadi ya kaya zinazotumia mita moja, kisha ama kiwango cha nafuu kiongezwe kulingana na kaya, ama serikali igharamie mita ya pili na ya tatu.

Fundi wa majokofu, Mkoani
Kuhusu friji, ndugu yangu, badilisha mpira kwanza, kwani baridi ikivuja mashine haipumziki. Kwa upande wa sera, ningependa ushuru wa majokofu yanayotumia umeme mdogo upunguzwe, na mnunuzi akopeshwe, akilipa kidogo kidogo kila anaponunua umeme. Mafriji chakavu yanayoshushwa bandarini ni rahisi siku ya kununua tu.

Mkaazi wa Wete
Ahsanteni sana. Mpira nitautafuta kesho, na suala la kaya nitalipeleka kwa sheha wetu kwa maandishi.