Mchana fulana za "Sisi ni Familia", usiku barua za onyo: wenye hospitali binafsi, timu haijengwi hivi

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe lugha ikiwa na makali. Mimi ni muuguzi katika hospitali binafsi hapa Dar. Jina lake silitaji, na msije inboksi kuniuliza. Anayeijua abaki nalo.

Mdogo wetu mmoja, binti hana hata mwaka tangu aanze kazi, wiki hii kapewa barua ya onyo. Soma kosa lake, halafu uniambie kama ni mimi nimechanganyikiwa au ni wao.

Alikuwa zamu ya usiku, wodi nzima yeye na mhudumu mmoja. Anatakiwa achanganye seftriaksoni (antibayotiki ya sindano) ya mgonjwa, kafungua droo ya troli kuchukua maji ya kuchanganyia dawa. Mle ndani kuna vichupa vya plastiki vya maji, na pembeni yake, kwenye droo ileile, kuna vichupa vya potasiamu kloraidi. Walio kwenye fani mmeshaelewa. Vinafanana umbo, vinafanana rangi, tofauti ni maandishi madogo ambayo saa tisa usiku macho yanayaruka. Kwa wasio wa fani: ile potasiamu hutolewa ikiwa imechanganywa kwenye dripu na kuingia taratibu. Ukimsukumia mtu moja kwa moja kwenye mshipa, moyo unasimama. Hakuna cha kumkimbiza ICU wala nini.

Binti kashika cha potasiamu. Kabla hajavuta kwenye bomba la sindano, kasoma tena lebo, kaona, karudisha. Mgonjwa kapata dawa yake sahihi, kalala. Hakuna aliyeumia, na hakuna ambaye angejua. Lakini asubuhi, wakati wa kukabidhi zamu, kaandika kwenye kitabu cha matukio: vichupa hivi vinafanana, nusura nikosee, naomba vitenganishwe.

Wakuu, pale ndipo mtu alipaswa kupewa mkono. Badala yake metroni, mkuu wetu wa wauguzi, kapiga picha ule ukurasa, kautupia kwenye grupu la WhatsApp la wafanyakazi wote, pamoja na madereva, walinzi na watu wa mapokezi, na maneno: "Hawa ndio wauguzi tunaowalipa." Zikafuata emoji za kushangaa. Daktari mmoja kauliza kama huyo ana leseni kweli. Binti kasoma yote hayo akiwa kwenye daladala anarudi nyumbani. Kesho yake kaitwa ofisi ya utumishi, kapewa barua.

Droo je? Nimeingia zamu jana. Potasiamu iko palepale, imekaa na maji.

Hiyo ndiyo inayonitoa mishipa ya shingo. Kasha lenye kufuli na karatasi nyekundu ya kubandika vingegharimu pungufu ya ile keki. Ndiyo, keki ipo, nakuja.

Kisa hiki kimetokea siku chache baada ya kupelekwa ufukweni Kigamboni kwenye siku ya kujenga timu. Fulana za bluu, mgongoni SISI NI FAMILIA. Tumevuta kamba, tumekimbia na yai kwenye kijiko, tumepigwa picha tumeshikana mabega, na picha ziko Instagram. Waliotoka zamu ya usiku saa mbili asubuhi nao walipandishwa basi, kutokuja ni utovu wa ushirikiano. Kisha kaletwa mhamasishaji, mtu wa suti juu ya mchanga, kutufundisha ustahimilivu. Eti uchovu ni mtazamo. Eti tujiulize tunaipa nini taasisi kabla ya kuuliza inatupa nini. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilieleza vizuri kabisa kwamba huku kuchoka kupita kiasi kunatokana na msongo wa kazini wa muda mrefu usioshughulikiwa. Wa kazini. Kumleta mhamasishaji bila kuongeza hata muuguzi mmoja wa usiku ni kumnyima mtu maji halafu ukamlipia semina ya kuvumilia kiu.

Sasa keki. Mwezi uliopita uongozi ulituonyesha grafu ukutani: matukio yaliyoripotiwa yameshuka hadi sifuri. Makofi. Keki ikakatwa, mkurugenzi akalishwa kipande na metroni. Mimi nilikuwa nyuma nawaangalia wenzangu usoni, kila mmoja anajua ukweli. Matukio hayajashuka. Kilichoshuka ni idadi ya watu wanaothubutu kuandika, kwa sababu kabla ya huyu binti walishadhalilishwa wengine kwenye grupu lilelile. Yeye ni mgeni, hakujua kuwa kitabu kile ni mtego. Sasa amejua.

Na hili si jipya duniani. Kuna profesa wa Harvard anaitwa Amy Edmondson. Miaka ya 1990 alichunguza makosa ya dawa kwenye vitengo vya hospitali kule Marekani, akitarajia kuwa timu nzuri zitakuwa na makosa machache. Takwimu zikamgeuka: timu zenye uongozi mzuri ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi kwenye kumbukumbu. Alipochimba akaona kwamba kule watu walikuwa wanasema. Kwenye timu za woga, makosa yalikuwa yanafukiwa. Kwa hiyo hospitali yenye sifuri ukutani si ya kukatiwa keki. Ni ya kuogopwa, na mimi mzazi wangu simlazi pale. Nasema hivyo nikiwa nafanya kazi pale, mnielewe uzito wake.

Watakuja wa kusema haya ni mambo ya Wazungu. Haya, twendeni Morogoro. Ile orodha ya usalama wa upasuaji ya WHO, yaani Shirika hilohilo la Afya Duniani, iliyotoka 2008 ilijaribiwa kwenye hospitali nane duniani, na mojawapo ilikuwa Ifakara. Ifakara yetu hii, kwenye orodha moja na London, Toronto na Seattle. Katika hospitali hizo nane kwa ujumla, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Mashine mpya hazikununuliwa. Orodha ni karatasi. Mojawapo ya mambo yaliyomo ni kwamba kabla kisu hakijagusa ngozi, kila aliyemo chumbani ajitambulishe jina na kazi yake. Unaweza kuona ni jambo dogo. Lakini muuguzi akishatamka jina lake mbele ya daktari bingwa, inakuwa rahisi kidogo kwake kusema "Dokta, subiri, hesabu ya pamba haijatimia." Kwetu teatre, chumba cha upasuaji, karatasi ipo, inawekwa tiki zote baada ya operesheni, mtu kakaa kwenye kiti anakunywa chai. Hayo ya kujitambulisha ndiyo hayapo kabisa. Daktari bingwa wetu anamwita muuguzi wa teatre "wewe wa kijani", na wamefanya kazi pamoja miaka.

Kinachouma zaidi ni kwamba umoja tunao. Hawakutuletea wao. Mwenzetu alipofiwa na mama yake kule Songea, michango ilikusanywa usiku uleule, wawili wakasafiri naye, waliobaki tukagawana zamu zake bila kulalamika. Mwingine mtoto wake alikuwa analazwa mara kwa mara, tukawa tunabadilishana naye, leo wewe, kesho mimi. Kikoba chetu kimeshalipia ada za watoto ambao wazazi wao mshahara ulichelewa. Familia ilikuwepo kabla ya fulana.

Na uongozi ulipoiona ukaivunja. Siku hizi kubadilishana zamu ni mpaka ujaze fomu wiki mbili kabla, isainiwe na watu watatu. Nani anajua wiki mbili kabla kwamba mtoto wake ataamka na degedege? Aliyefiwa aliambiwa arudi siku ya tatu kwa sababu "wodi ni nzito", wakati sheria inampa siku 4 zenye malipo kwa msiba wa mzazi. Halafu wakaleta tuzo ya mfanyakazi bora wa mwezi, kwa pointi, na pointi mojawapo unaipata kwa "kuripoti mapungufu ya wenzako". Hapo sasa ya kwako ukiripoti ni barua, ya mwenzako ukiripoti ni pointi. Ndani ya muda mfupi watu walianza kunyamaza chumba cha chai mtu fulani akiingia. Grupu letu la pembeni, lile la utani na kuulizana "nani yuko vizuri kuweka kanula, njoo unisaidie" (kanula ni kile kijibomba cha dripu kinachoingia kwenye mshipa), limekufa. Mtu anahangaika na mshipa wa mtoto mchanga peke yake nusu saa kuliko kumwita mwenzake akaonekana hajui. Huyo mtoto anachomwa mara ngapi, hilo halimo kwenye grafu.

Kuna lingine la kupumzika, nalipitia haraka maana lingetosha uzi wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya kutoka kazini na kuanza tena. Sisi unatoka usiku saa mbili asubuhi, saa nane mchana kuna kikao cha lazima, na asiyefika anakatwa. Kikao chenyewe cha mwisho kilihusu ushirikiano.

Najua watakaokuja hapa chini. "Vijana wa siku hizi laini, sisi tulipigwa makofi na masista wa misheni na tukajua kazi." Shikamoo dada, shikamoo mama, heshima zenu nazitambua. Lakini niambieni kwa uaminifu: katika hizo zama, makosa mangapi mliyafunika kwa kuogopa kofi? Nimefanya kazi na mama mmoja wa zama hizo, kastaafu sasa. Mkali sijapata kuona. Lakini ukimwambia umekosea alikuwa anauliza kwanza "mgonjwa yukoje?", pili "ilikuwaje?", na kukugombeza kulikuja mwisho, tena mlango umefungwa. Kesho yake hakuna aliyejua. Wodi yake watu walikuwa wanagombania kupangwa. Kwa hiyo ukali siupingi, napinga kumwanika mtu mbele ya walinzi wa getini kwa sababu amesema kweli.

Na wale wa "si uache kazi", asanteni. Wengi wameshaacha, ndiyo maana usiku kuna mtu mmoja.

NYONGEZA: Nimeona maswali ya wanasheria, barua inasemaje na kama binti alisikilizwa, najibu hapa. Barua imeandikwa "uzembe uliohatarisha maisha ya mgonjwa". Hakuitwa kwenye kikao chochote, hakuulizwa, hakupewa nafasi ya kujieleza kwa maandishi. Kaambiwa asaini kwamba ameipokea, kasaini. Nakala ya ukurasa wa kitabu cha matukio tunayo, na picha ya skrini ya grupu tunayo. Ninachotaka kujua: kwa CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, mgogoro usio wa kuachishwa kazi unafunguliwa ndani ya siku 60, sawa? Zinahesabiwa tangu tarehe iliyoandikwa kwenye barua au tangu siku aliyoipokea? Maana ya kwenye barua imerudishwa nyuma. Na je, kule kuitupia picha kwenye grupu kunaweza kuingia kwenye lalamiko hilohilo, au ni jambo la kupelekwa kwingine?

Na kama kuna aliye hospitali ambayo kitabu cha matukio kinafanya kazi kweli, aeleze: nani anakisoma, jina la aliyeandika linafichwa vipi, na ndani ya muda gani droo inarekebishwa. Nataka kuchapisha majibu yenu na kuyaweka mezani kwa mkurugenzi kabla ya kikao cha Alhamisi.