Tupeane uzoefu: vitabu vya zamani vya hadithi vyenye picha, ipi haijakutoka kichwani?

Mjukuu wa Mkwezi:
Wakuu salaam. Juzi tulikuwa tunapanga vitu vya marehemu babu hapa Ngamiani, Tanga. Chini ya sanduku, baina ya kanzu mbili na risiti za kodi, nikakuta kitabu cha zamani sana cha hadithi za Afrika. Kurasa za mwanzo zimekwenda na mchwa, hata jina lake sijalijua. Picha zimebaki. Moja ina Mzungu wa kofia ngumu amesimama juu ya jiwe, simba chini yake, na nyuma yao mnazi ambao nazi zake zimening'inia kwenye ncha za makuti kama taa za harusi. Babu alikuwa mkwezi. Pembeni kaandika kwa penseli: "Huyu hajakwea."

Nikapekua zaidi, kumbe kila picha kaisahihisha. Simba: "Mguu wa nyuma wa punda." Ngalawa: "Mrengu mmoja, itapinduka."

Haya, kwenu ilikuwaje? Picha gani, na mzee gani aliikosoa?

Mtu wa Dunda:
Bagamoyo hapa. Sisi ukutani tulikuwa na picha ya msafara, imekatwa kwenye kitabu cha Kizungu na kutiwa fremu. Mjue Stanley alianzia safari yake hapa kwetu mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, na kitabu chake cha mwaka uliofuata kilijaa michoro. Kama yetu ilitoka humo au kwingine, hapana aliyeniambia. Ninachokumbuka ni kwamba wapagazi wote walikuwa na sura moja, kama aliyechora alipiga mhuri. Mwenye sura yake mwenyewe ni mkubwa wa safari tu, na punda.

Babu mzaa mama hakuipenda. Alisema mzigo ni frasila mbili, yaani kilo thelathini na ushei, na mtu wa mzigo huo hatembei kifua mbele. "Shingo inaingia ndani kama ya kobe." Kisha anatuonyesha, anavuka sebule nzima hivyo, na sisi nyuma yake. Sasa hivi nikipita pale Caravanserai, kituo cha zamani cha misafara, namuona yeye, michoro siioni.

Chumbageni Juu:
Mimi Tarzan tu, tulibadilishana kwa gololi. Mnajua kwamba ilipotoka mara ya kwanza gazetini mwaka 1912, mwandishi alimtia chui milia msituni? Afrika! Ilipofanywa kitabu 1914 wakambadili kuwa simba jike. Huyo naye alihitaji penseli ya babu.

Mama Wawili:
Kwetu Pangani kitabu hakikuwapo. Alikuwapo bibi. Umeme ukikatika anasema "Paukwa!", sisi "Pakawa!", tayari tumejipanga mkekani. Hadithi yake kubwa ilikuwa ya paa wa Sultani Darai. Masikini mmoja anachakura jaani akitafuta punje za mtama, anaokota thumuni, badala ya kula ananunua paa. Paa anasema! Anamtafutia bwana wake mke kwa Sultani, anamuua nyoka wa vichwa saba, anampa jumba. Bibi alimsemesha yule paa kwa puani, na mpaka leo paa yeyote nikimuona kwenye runinga namsikia hivyo.

Ila bibi hakuwahi kuimaliza. Paa anaugua, yule bwana anaagiza apewe uji wa mtama tu, mdogo wangu anaanza kulia, basi, kulaleni. Kila mara hapo hapo.

Nimekuja kuujua mwisho na watoto ninao wawili. Kisa hicho mmisionari Mwingereza Edward Steere alikiandika Unguja, kikachapwa 1870. Tena lipo toleo la Kiingereza la George Bateman, Chicago 1901, lenye picha za Walter Bobbett. Paa anakufa, yule bwana anaamka na kujikuta yuko jaani kama mwanzo, anachakura. Nilifunga kompyuta nikakaa kimya. Picha nilizitazama zote, nzuri, lakini paa wangu hayumo. Wa bibi alikuwa mdogo zaidi.

Popo wa Amboni:
Sisi mwalimu alitusomea Mashimo ya Mfalme Suleimani, ile tafsiri ya Frederick Johnson. Mashimo yenyewe hadithini yako kusini huko mbali, lakini nani alisikiliza sehemu hiyo? Jumamosi, watoto watano, baiskeli mbili, hadi mapango ya Amboni kutafuta almasi. Wazee walishatutisha kwamba Osale Otango, yule jambazi aliyesakwa na wakoloni, alijificha mle miaka ya hamsini, kwa hiyo tuliingia tumeshikana mashati. Tulitoka na kinyesi cha popo kwenye nywele. Bakora za nyumbani ndizo zilizokuwa hazina.

Mtu wa Dunda:
Mkuu Mjukuu, hicho kitabu usikianike juani, karatasi itakatika. Kivulini, penye upepo, na usikirudishe sandukuni humo humo.

Mjukuu wa Mkwezi:
Ahsante, kiko juu ya kabati. Mama Wawili, umeniliza bure. Jamani, na mimi sina mwisho: kurasa za nyuma zimechanwa, simba yuko hewani bado. Ndani ya jalada la nyuma iko ile ile penseli ya babu: "Aliyechukua kipande arudishe." Nadhani ni wa barabara ya 12, walizoea kuazimana. Kama ni mzee wako, nitumie ujumbe pembeni, sina ugomvi.