Wiki moja mwezi Oktoba: Charleston yote, Savannah yote, au kugawa?

Kasuku_Ohio
Wakuu, habari za leo. Naomba mchango wenu kuhusu safari ya siku saba, wiki ya tatu ya Oktoba. Tuko wanne: mimi, mume wangu, mama mkwe (miaka 68, goti linamsumbua) na mtoto wa miaka 9. Tutatoka Columbus kwa ndege. Tunachotafuta ni historia ya Waafrika waliopitishwa pwani ile, mji wa kutembea kwa miguu, na walau siku moja ya ufukweni. Sisi ni Waislamu, kwa hiyo suala la chakula nalo mlizingatie.

A: wiki yote Charleston, South Carolina.
B: wiki yote Savannah, Georgia.
C: siku nne Charleston, tatu Savannah.

Faida na hasara tafadhali. Picha nzuri za mitandaoni tumeshaziona za kutosha.

Nahodha_Ashley
Dada, kwa hicho unachotafuta, A haina mpinzani. Inakadiriwa karibu asilimia 40 ya Waafrika walioletwa utumwani Amerika Kaskazini walipitia bandari ya Charleston, na mahali penyewe bado unapakanyaga.

Anzeni na International African American Museum. Ilifunguliwa Juni 2023 pale pale Gadsden's Wharf, gati waliloshushiwa maelfu ya watu. Jengo limenyanyuliwa juu ya nguzo 18 ili ile ardhi ibaki wazi. Chini yake kuna bustani ya kumbukumbu isiyotaka tiketi. Tazameni sakafu: kuna maumbo ya watu waliolazwa ubavu kwa ubavu, vile walivyopangwa ndani ya meli, na maji ya kina kifupi yanayafunika, yanaondoka, yanarudi tena. Mtoto ataelewa hapo kuliko kwenye maandishi yote ya juu. Tiketi za ndani zina saa yake. Nunueni mtandaoni, mchukue ya saa 4 asubuhi milango inapofunguliwa, mtenge saa tatu. Jumatatu pamefungwa.

Old Slave Mart, jengo la zamani la kunadia watumwa ambalo sasa ni makumbusho, iko Mtaa wa Chalmers. Mji ulipopiga marufuku minada ya watu mitaani mwaka 1856, biashara haikufa, iliingizwa ndani ya nyua kama ua wa hapo. Saa moja inatosha, maana kazi kubwa pale ni kusoma ukutani. Jumapili hawafungui. Shida ni mtaa wenyewe: umetandikwa mawe ya mviringo, na mguu unateleza hata bila mvua. Gari liwashushe Mtaa wa State, upande ulio karibu zaidi, mama apite kando kando asikate barabara katikati.

Mtasikia City Market ndiyo iliyokuwa soko la watumwa. Si kweli. Pale paliuzwa nyama, samaki na mboga. Siku hizi nendeni kuwaona akina mama wa Kigullah, wazawa wa wale waliofanyishwa kazi kwenye mashamba ya mpunga na pamba ya visiwani, wakishona vikapu: nyasi inakunjwa duara juu ya duara na kufungwa kwa ukanda wa jani la palmetto, mti wa kienyeji wa jamii ya mnazi, tundu likifunguliwa kwa kipini cha kijiko kilichochongwa. Bei itakushtua. Ukiangalia kikapu cha ukubwa wa sahani kinavyokula siku nzima ya mtu, utaacha kupatana. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha.

Fort Sumter ni ngome ya kisiwani, palipopigwa risasi za kwanza za vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, 12 Aprili 1861. Boti kutoka Liberty Square, safari nzima saa mbili na robo, saa moja tu kisiwani. Upepo ni mkali, bebeni sweta. Ikibidi kukata kitu kwenye ratiba, mimi ningekata hiki.

BintiForsyth
Nahodha kasema kweli kuhusu historia, ila kasahau goti la mama. Charleston njia za waenda kwa miguu ni matofali yaliyoinuliwa na mizizi ya miti. Savannah ilipimwa mwaka 1733 kwa viwanja vya wazi, vilikuwa 24 na vimebaki 22, kila kimoja kina kivuli cha mialoni na mabenchi. Maana yake ni kwamba kila baada ya mitaa miwili hivi mama anakaa. Basi la dot linazunguka katikati ya mji bure, na kivuko cha mtoni, Savannah Belles, nacho ni bure. Mtoto apandishwe hata kama hamna pa kwenda.

Mtego ni River Street, mtaa wa chini kando ya mto: ngazi za mawe zinazoshuka kutoka Bay Street ni kali na hazilingani. Tumieni lifti iliyo karibu na City Hall.

Kwa historia msiidharau. First African Baptist Church, jengo la 1859: sakafu ina matundu yaliyotobolewa kwa mpangilio, na masimulizi ya kanisa ni kwamba yaliwapa hewa watoro waliofichwa chini. Ziara hazifanyiki kila saa, wekeni nafasi mapema. Owens-Thomas House ina vyumba vya watumwa ambavyo bado vina ile rangi ya bluu ya kufukuzia mizimu. Mtu akikutembeza ghorofani tu akakuonyesha fanicha, muulize. Na tarehe 2 na 3 Machi 1859, nje kidogo ya mji, watu 436 walipigwa mnada kwa siku mbili. Wenyeji huuita Weeping Time, yaani wakati wa kilio. Leo mtakuta kibao tu, kwa hiyo hapo msipange nusu siku.

Lakini wiki nzima Savannah ni ndefu, lazima niseme. Siku tatu kamili, ya nne Tybee, kisiwa chenye ufukwe, baada ya hapo mtaanza kurudia viwanja.

Mtembezi17
C, na sababu kubwa iko njiani. Kati ya miji hii miwili ni kama kilomita 170, saa mbili kwa gari. Ukichepuka kwenda St. Helena Island unakuta Penn Center, shule iliyoanzishwa 1862 kwa watu waliotoka tu utumwani, vita ikiwa bado inaendelea. Karibu yake kuna Brick Baptist Church ya 1855, iliyojengwa na watumwa. Mnaondoka Charleston saa 3 asubuhi, Penn mnafika saa nne na nusu au saa tano, mnapita mjini Beaufort kula, jioni mko Savannah. Siku ya kuhama haipotei.

Tiketi ya ndege ikateni ya kuingilia Charleston na kutokea Savannah. Kabla hamjalipa, ulizeni ada ya kurudisha gari mji mwingine, kwa sababu hapo ndipo bajeti nyingi huvuja: bei ya siku inaonekana ndogo, ada ile inakuja mwishoni kabisa mwa fomu. Ikiwa kubwa mno, rudisheni gari Charleston na mpande treni ya Palmetto, inapita jioni kuelekea kusini. Ila mkipanda treni mnaikosa Penn. Pia kituo kiko North Charleston, si katikati ya mji, na treni kuchelewa si ajabu.

Jahazi
Hakuna aliyegusa maji, na Oktoba maji ndiyo habari yenyewe.

Aliyekulia pwani aangalie mwezi tu. Bamvua la vuli, yaani maji kujaa sana mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kuanzia Septemba hadi Novemba, ni kati ya makubwa ya mwaka upande ule. Kipimo cha bandari ya Charleston kikifika futi 7, maji yanatokea mitaani hata jua likiwaka, kwa sababu yanapanda kupitia mifereji ya maji ya mvua na si lazima yavuke ukuta wa bahari. Upepo wa kaskazini mashariki ukivuma siku mbili mfululizo, utabiri wa kawaida hauna maana tena, yanazidi.

Chukueni jedwali la maji kujaa na kupwa la Charleston Harbor kutoka NOAA, idara ya Marekani ya bahari na hali ya hewa, mwandike saa za maji kujaa kwa siku zenu zote. Saa moja kabla na mbili baada, gari lisiwe Lockwood Drive, Hagood Avenue, Morrison Drive wala karibu na City Market. Likiwa kwenye jengo la maegesho, liwe ghorofa ya pili kwenda juu. Msipite kwenye maji hata yakiwa ya kifundo cha mguu. Ni ya chumvi, yanakula breki na nyaya, na kampuni ya kukodisha italiona hilo.

Savannah mji wenyewe uko juu ya kingo ya mto, hauna shida hiyo sana. Tybee inayo: US 80 ndiyo barabara pekee ya kisiwani, na bamvua kubwa huifunika. Mkiwa huko, rudini kabla maji hayajajaa au msubiri yapwe.

Msimu wa vimbunga haufungwi mpaka 30 Novemba. Hoteli iwe ya kurudisha pesa, hata kama ni ghali kidogo.

Mama_Jikoni
Kuhusu chakula, wenye miiko ya nguruwe msome polepole. Kwenye mapishi ya asili ya kule nguruwe ni kiungo, na menyu haimtaji.

Sukuma wiki zao huchemshwa saa nyingi na mfupa wa nguruwe uliokaushwa kwa moshi. Wali mwekundu wa nyanya huanza na soseji au mafuta ya nguruwe. Maharage, hivyo hivyo. Kamba na grits, yaani ugali laini wa mahindi meupe, mara nyingi huwa na mchuzi wenye vipande vya nyama hiyo. Supu ya kaa yenyewe huwekwa sheri, ambayo ni mvinyo. Kuuliza "kuna nyama?" hakutoshi, maana mhudumu atakujibu hapana kwa moyo mweupe. Uliza mboga imechemshiwa nini, na mafuta ya kukaangia yanatumika pia kwa nini kingine.

Vilivyo salama zaidi: samaki wa kuchoma, chaza wa kuokwa wakiwa na maganda yao (Oktoba msimu wao umeshaanza), kaa wa kuchemsha, na karanga za kuchemsha za barabarani, ambazo mama mkwe hatahitaji kuelezwa. Charleston kuna msikiti King Street, upande wa kaskazini. Kwa nyama halali ulizieni hapo, msitegemee ramani ya simu.

Kasuku_Ohio
Asanteni sana, mmenisaidia kweli. Tunaelekea C. Mawili yamebaki: tulale wapi Charleston, na kama twende kwenye yale mashamba ya zamani, ni lipi? Naona yako manne matano na yote yanajiita bora.

Nahodha_Ashley
Kulala: katikati ya mji, kusini ya Mtaa wa Calhoun, mwisho wa wiki ya Oktoba bei inapita dola 300 kwa urahisi, na maegesho ya hoteli ni dola 40 na zaidi kwa usiku. Mount Pleasant, ng'ambo ya daraja la Ravenel, ni nafuu, maegesho mara nyingi ni bure, na ufukwe uko karibu. North Charleston ni nafuu zaidi, ila kila siku mtakula foleni ya barabara kuu ya I-26. Kwa familia yenu: Mount Pleasant. Asubuhi mnavuka, mnaacha gari kwenye jengo la maegesho, mnapanda DASH, basi la bure la katikati ya mji.

Shamba: McLeod, James Island. Dakika 15 tu kutoka mjini, na maelezo yanaanzia kwa waliofanyishwa kazi, siyo kwa ukoo wa wenye nyumba. Vibanda vya watumwa viliendelea kukaliwa na watu mpaka 1990. Mkiwa na siku moja tu, iwe hiyo.

Kiwavi
Kwa mtu mzima sawa. Kwa mtoto wa miaka 9, McLeod ni dakika 45 za kusimama na kusikiliza juani, na mama naye amesimama. Middleton Place ina mafundi wanaofanya kazi mbele yako, kuna wanyama, na kuna Eliza's House inayoonyesha maisha ya watu baada ya uhuru. Bustani yake ya 1741 ina ngazi za nyasi zinazoshukia mtoni. Mama abaki juu, ataona vilevile. Boone Hall mimi ningeiacha: vibanda vya matofali ni vya kweli na vinafaa kuonwa, lakini umati wa Oktoba unaua utulivu.

Nahodha_Ashley
Middleton ni nzuri, sibishi, ila tiketi yake ni ghali na ni mbali. Usimamaji wa McLeod unatibika: chukueni ziara ya kwanza ya asubuhi, bebeni kiti cha kukunja. Usubi wa kwenye nyasi za maji chumvi hawana huruma alfajiri na jioni, hasa upepo ukitulia. Soksi ndefu na dawa ya kupaka.

Mtembezi17
Kwa kuwa ni C, fikeni Jumatano mkiweza. Alhamisi makumbusho ya gatini, Ijumaa Old Slave Mart na sokoni, Jumamosi McLeod asubuhi na Sullivan's Island mchana. Kisiwa hicho ndiko wengi walikowekwa karantini kabla ya kuuzwa, na ufukwe wake hauna kelele. Jumapili Penn na kuhamia Savannah. Hakikisheni kwanza makumbusho ya Penn yanafungua siku hiyo, kama sivyo sogezeni kuhama iwe Jumamosi na McLeod iende Ijumaa asubuhi. Jumatatu viwanja na Owens-Thomas, Jumanne kanisa na, kama jedwali la maji linaruhusu, Tybee.

Gari la farasi Charleston: njia hupangwa kwa bahati nasibu pale getini, hakuna anayechagua. Akikuahidi mtu atawapitisha mtaa fulani, usimlipe kwa ahadi hiyo.

Jahazi
Kwa Tybee, tumieni jedwali la Fort Pulaski, kituo cha kupimia maji kilicho karibu na kisiwa, siyo la Charleston. Maji ya huko yanapanda zaidi na saa hazilingani.