Aliyempokonya bibi maiki Ngome Kongwe jana usiku, hivi kwenu hakuna wazee?

MtotoWaKikwajuni (mleta uzi)

Wakuu, sijalala. Nimefika nyumbani usiku wa manane, nimenawa uso, nimekunywa maji, hasira haikushuka hata kidogo. Adhana ya alfajiri imenikuta nimekaa kitandani nagomba peke yangu na ukuta.

Jina simtaji. Aliyekuwa Ngome Kongwe jana anamjua, na asiyekuwepo anamjua vilevile, maana mji huu hakuna shughuli asiyokaa mbele. Harusi yumo, maulidi yumo, uzinduzi wa kisima yumo, akifa mtu asiyemjua yumo, na kaburini anatangulia kufika kuliko maiti. Miwani ya jua usiku, simu mbili mkononi, na kijana nyuma yake wa kumshikia ya tatu yenye taa.

Jana, kwenye tamasha la Sauti za Busara, alimpokonya maiki bibi yetu mwimbaji wa taarab.

Narudia kwa wale wanaosoma mbiombio: ALIMPOKONYA BIBI MAIKI. Katikati ya ubeti. Mdomo wa bibi bado uko wazi.

Niwape mtiririko mjue ninachokilia. Jukwaa kubwa, Busara imepamba moto, watu wamejaa mpaka kwenye kuta za ngome. Vijana wa ngoma walikuwa wameshautikisa uwanja, vumbi juu. Halafu wakaanza kupangwa wazee wa taarab asilia: mafidla, kodiani, udi, dumbaki, na kanuni pale mbele. Nilikwenda na mtoto wa dada yangu, anajifunza kupiga kanuni, na tangu ratiba itoke wimbo wake ulikuwa mmoja tu: mjomba, siku ya bibi tusikose. Tukatandika chini karibu kabisa na jukwaa, upande wa mpiga kanuni, ili mtoto aone vidole. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, na inapigwa kwa risha zinazobanwa kwa pete kwenye vidole vya shahada. Mtoto wala hakupepesa macho.

Wakafungua kwa bashrafu. Ala tupu, hakuna mwimbaji. Hata wageni waliokuwa wakipiga soga nyuma na chupa zao wakanyamaza wenyewe bila kuambiwa. Ndipo akatolewa bibi, ameshikwa mkono na kijana wa jukwaani, kanga begani, hatua ndogondogo. Akaishika maiki kwa mikono miwili. Akavuta pumzi, wallahi niliisikia ile pumzi kwenye spika kabla ya neno.

Ubeti wa kwanza, watu wakaanza kwenda kutunza kama ilivyo ada. Neno likikugusa unainuka, unakwenda kwa madaha na noti yako, unampa mwimbaji, unarudi kukaa. Mama mmoja wa makamo aliinuka na elfu mbili yake, akaipeperusha, akamtupia jicho mtu fulani upande wa kushoto (wenye mambo yao wanajuana), akatunza, akarudi. Hakuziba mtu, hakukata wimbo. Taarab ndiyo hiyo.

Halafu akainuka YEYE.

Kwanza kijana wake akatangulia na ile taa. Taa ya kuvulia dagaa! Akammulika bibi usoni mpaka bibi akakunja macho. Yeye akapanda na bunda, akaanza kutoa noti moja, anaiinua, anasubiri kamera iione, anaiweka. Nyingine. Anaiinua, anasubiri. Kumbe anampa bibi mgongo! Anatunza kwa nyuma, uso wake uko kwenye simu yake. Bibi anaimba kisogo cha mtu. Uwanja mzima tuliolipa kiingilio tunaangalia shati jeupe.

Na bado ningesamehe. Ningesema ni ushamba, utamtoka akikua, ingawa ana mvi. Lakini bibi alipofika ule mstari, ule ambao watu wazima walikuwa wameshafumba macho wakiusubiri, mtu huyu akanyoosha mkono akaichukua maiki kutoka mikononi mwa bibi akapiga kelele: "Oyaaa, mpoo?"

Mpo wapi? Tuko wapi? Sisi tulikuwa tupo tangu magharibi! Wewe ndiye ulikuwa umekuja kwa nani?

Mpiga kanuni aliinua vidole vyote viwili hewani, risha zimesimama. Mafidla yakakatika moja baada ya jingine. Bibi mikono yake ilibaki imefumbata vilevile, kama maiki bado ipo. Hakusema kitu. Alirudi nyuma hatua moja akavuta kanga. Mtoto wa dada yangu akaniuliza, mjomba, sasa bibi amekosea nini?

Nimjibu nini mtoto huyo? Nijibuni nyinyi.

Kijana wa jukwaani alikuja mbio akamshusha, haki yake nampa, na wenye tamasha siwagusi hapa. Bibi akarudishiwa maiki, na bendi ikaendelea. Ila ubeti ule ulishakwenda. Bibi aliuruka akaingia kwenye unaofuata.

Hili si tamasha la kuweka CD mtu akachezesha midomo. Sharti lake tangu 2004 ni kupiga laivu, kila sauti inatoka kifuani mwa mtu aliyesimama pale, na ndiyo maana watu wanavuka bahari kuja Unguja mwezi wa Februari. Mwaka 2016 halikufanyika kabisa kwa kukosa fedha, tukakaa mji mzima tunaangaliana. Liliporudi 2017 tulishukuru. Hatukushukuru ili wewe upate pa kurekodia video zako! Siti binti Saad alivuka bahari mpaka Bombay mwaka 1928 ili sauti yake iingie kwenye santuri. Wewe umevuka mkeka wangu, ukamkanyaga mtoto kidole cha mguu, ukaenda kuizima sauti ya bibi aliyeirithi kazi ile.

Na nimeamka nakuta video ameiweka. Ameiweka! Ameandika "Usiku wa kumuenzi bibi". Bibi mwenyewe kwenye hiyo video haonekani, linaonekana bega lake na ncha ya kanga.

Nataka aende kwa bibi mchana kweupe, avue miwani, akae chini, aombe radhi. Bila simu. Bila yule kijana wa taa.

Alimpokonya maiki, jamani. Mkononi.

---

KipepeoWaShangani
Nilikuwepo mie! Nilikaa juu kule kwenye ngazi. Ile taa ilivyowaka nilidhani jua limechomoza kabla ya zamu yake. Popo walitoka kwenye mnara.

BahariTupu
Mkuu povu lote hili kwa dakika mbili? Maiki si alirudishiwa?

MtotoWaKikwajuni
@BahariTupu mimi nikija msikitini nikamnyang'anya imamu kipaza sauti nikasalimia jamaa zangu kisha nikamrudishia, utasema amerudishiwa? Usinitie wazimu asubuhi hii.

BintiYaMakunduchi
Loh, mimi kilichoniuma ni kuvuta kanga. Bibi yangu akivuta kanga vile, nyumbani hakuna atakayekula chakula siku hiyo.

Mkaanga_Kisamvu
Nimesoma mpaka kwenye dagaa nikaishiwa nguvu 😂😂 Nawatafuta wenye video.

Mdau_Halisi01
Huu ni wivu wa wazi. Jamaa alitunza bunda zima. Wewe mleta uzi ulitunza shilingi ngapi? Weka hapa tuone nani anampenda bibi.

MtotoWaKikwajuni
@Mdau_Halisi01 nilitunza, na nilimpa bibi uso kwa uso. Kiasi ni siri yangu na yeye. Na wewe akaunti yako imefunguliwa leo saa moja asubuhi, msalimie bosi wako, mwambie miwani ile avue.

KipepeoWaShangani
Hahahaa kumbe ni kijana wa taa!

Mdau_Halisi01
Mimi si kijana wa taa. Mimi ni mwananchi wa kawaida ninayependa sanaa.

Shehe_Kodiani
Mwananchi wa kawaida, ulikuwa unammulika bibi machoni kwa sababu gani?

Mzee_wa_Bashrafu
Vijana, mimi nimeanza kusikiliza taarab wakati watu wanavaa suti kwenda kuisikiliza. Kikundi cha taarab cha Ikhwan Safaa kipo tangu 1905, na kwa miaka yote niliyokifuata sijawahi kuona mtunzaji akigusa maiki. Mtunzaji anamwona mwimbaji, hatafuti kuonekana yeye. Bi Kidude ametutoka Aprili 2013. Angekuwa ndiye yeye jana, maiki ile isingetoka mkononi, na yule bwana angeshuka jukwaani kwa ngazi asiyoichagua.

MtotoWaKikwajuni
Mzee wangu shikamoo. Umeniponya nusu.

Wakili_wa_Mtaa
Mleta uzi kosa lako ni kukaa chini kwenye mkeka. Ungekuwa kiti cha mbele ungemdaka mguu akipita. Sasa umebaki kulia mtandaoni.

OtienoWaKariobangi
Nyinyi mna bahati wenu hupanda jukwaani mkamwona. Wetu hapa Nairobi hukaa nyuma yako. Nilienda mchezo wa kuigiza Kenya National Theatre, mama kwenye jukwaa anamlilia mtoto wake aliyekufa, ukumbi mzima uko kimya, mwanaume wa nyuma yangu simu ikalia. Si aizime? Akapokea! "Niko kwa mkutano, nitakupigia." Yule mwigizaji alinyamaza akamgeukia, akamngoja amalize. Tukangoja sote. Naye akaendelea: "Hapana, ongea tu."

BintiYaMakunduchi
"Ongea tu" 😭😭😭

Nyota_ya_Dimani
Mimi nina kesi na watu wa tableti. Simu ndogo naivumilia. Mtu anainua tableti ukubwa wa sinia la biriani mbele yangu, halafu anarekodi tamasha zima kwa kulitazama kwenye kioo, na jukwaa liko hatua kumi mbele yake. Nilimgusa bega nikamwambia kwa adabu, dada, sioni. Akanionyesha kwenye tableti, "angalia humu." Wallahi niliangalia humo nyimbo mbili.

Mkaanga_Kisamvu
Uliangalia?? Nyota wewe ni dhaifu.

Nyota_ya_Dimani
Picha ilikuwa nzuri, niseme uongo?

Bagamoyo_Asilia
Njooni kwenye tamasha la TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, mkutane na mama wa samaki changu. Yeye anakuja na hotpoti, watoto, na ndoo. Kundi linaanza kucheza sindimba, na yeye anaanza kugawa samaki kupitia mapajani mwa watu. "Baba, msogezee huyo kichwa." Nimeusogeza huo mchuzi mimi, na suruali ilikuwa nyeupe. Alichoniambia: "Pole, kula na wewe."

Shehe_Kodiani
Huyo hana kosa. Amekukaribisha.

Bagamoyo_Asilia
Suruali, mkuu. SURUALI.

MtotoWaKikwajuni
Wakuu, samaki na tableti nayasikia, lakini huyu alimpokonya bibi maiki. Hakuna kati ya hao wenu aliyemgusa msanii. Nani anajua anapokaa ndugu yake mkubwa huyu mtu, tupeleke malalamiko kwa njia ya heshima?

Dar_Mpaka_Moro
Nyie mnaongelea maiki, mimi sikuliona hata jukwaa. Nimetoka Dar na boti ya asubuhi, kaskazi inavuma, boti inapanda inashuka, jamaa wa kiti cha mbele akageuka akanitazama kwa huruma, kisha akanitapikia miguuni. Nikauliza, kaka, umekula nini? Akasema, urojo wa jana uliobaki. Nimefika bandarini Malindi, hapo Unguja, nikaenda moja kwa moja kulala.

BintiYaMakunduchi
Urojo wa jana?! Urojo unalazwa?

Nyota_ya_Dimani
Huyo si mtu wa Unguja. Urojo ukilala bajia zinavimba zinakuwa uji.

BahariTupu
Tukiwa hapohapo kwenye urojo, nani kawaambia wauzaji wa siku hizi waweke ndimu badala ya embe mbichi? Nimekula Forodhani juzi kabla ya kuingia Ngomeni, mchuzi unakata meno. Nikamwambia kijana hii ni ndimu tupu, akanijibu wageni wanaipenda hivyo.

Mzee_wa_Bashrafu
Embe mbichi ina msimu wake, mwanangu. Ukikosa embe unatia ukwaju. Ndimu inakamuliwa juu mwishoni tu.

Shehe_Kodiani
Ukwaju hapana, Mzee. Kwa heshima zote. Ukwaju unatia weusi.

MtotoWaKikwajuni
Jamani, uzi ni wa maiki. Mwenye namba ya ndugu yake anitumie faragha.

Wakili_wa_Mtaa
Mkuu imeshapita hiyo, tulia. Shehe, ukwaju hautii weusi ukiuchuja kwanza. Tatizo mnatia na kokwa.

Bagamoyo_Asilia
Na kachori je, zinatangulia chini au zinawekwa juu ya viazi?

BintiYaMakunduchi
Juu! Ukiziweka chini zinalowa kabla hujashika kijiko. Chatini ya nazi ndiyo ya mwisho, halafu pilipili unatia mwenyewe, usikubali akutilie muuzaji.

Dar_Mpaka_Moro
Mnaanza tena na mimi jioni nna boti ya kurudi.