MJADALA: Mzee Santiago angekuwa mvuvi wa hapa Mtwara, tungemsifu au tungemlaumu?

Wakuu, habari za jioni.

Hapa Mtwara nimeshaisikia hoja hii mara kadhaa, na juzi mwalimu mmoja kairudia kijiweni: watoto wa pwani wasomeshwe The Old Man and the Sea ya Ernest Hemingway, maana yule mzee Santiago ndiye mvuvi wa kuigwa. Anavua kwa mshipi, hana kokoro, hana baruti, na anampenda samaki kwa dhati. Mimi naikubali nusu tu. Naileta hapa muipige.

Kwa ambaye hajakisoma: ni kitabu kifupi cha 1952. Mvuvi mzee wa Cuba kamaliza siku 84 bila kupata kitu. Manolin, kijana aliyekuwa akivua naye, wazazi wamemhamishia chombo kingine wakisema mzee ana nuksi. Siku ya 85 mzee anawapita wenzake wote, ananasa nduaro mrefu kuliko mtumbwi wake, na samaki anamburuta siku mbili usiku na mchana. Anamuua kwa chusa, anamfunga ubavuni, anageuza tanga kurudi. Njiani papa wanamtafuna. Pwani wanafika kichwa, mifupa na mkia.

Ukiulizwa kwenye mtihani utaandika kwamba nduaro ni ukuu wa maumbile, papa ni uovu, mzee ni binadamu asiyekubali kushindwa. Utapata alama zako. Lakini someni tena pale papa wanapommaliza samaki. Mzee anawatemea papa maneno, lakini kushindwa kwake hawalaumu wao. Anasema alikwenda mbali mno, na anamwomba samaki radhi. Kwa hiyo mimi nikitafuta ishara kubwa ya kitabu siitafuti kwa samaki, naitafuta kwenye ule umbali.

Na huo upendo? Anamwambia samaki kwamba anampenda na anamheshimu, na papo hapo anamwambia atamuua kabla siku haijaisha. Hapo ndipo simfuati mwalimu. Waliokuwa wakirusha baruti kwenye miamba yetu nao ni watoto wa pwani, bahari wanaipenda kama sisi. Baruti imepigwa marufuku tangu sheria ya uvuvi ya 1970, na bado tumeisikia ikilia miaka na miaka. Kilichomtenga Santiago nao ni chombo. Mshipi unampa samaki nafasi: unamchana mzee viganja, mkono wa kushoto unakakamaa, na samaki akiukata kaenda zake. Baruti haitoi nafasi kwa yeyote. Mliowahi kupasua changu wa baruti mnajua, nje anang'aa kama mzima, ndani damu imevilia kwenye uti wa mgongo na mfupa unaachia nyama hata hujavuta. Huyo ni yule aliyeokotwa. Wangapi wamezama pale pale, na mwamba umesagika ukawa kokoto?

Swali langu basi: tukimsomesha Santiago, tuwape watoto ushujaa wake au lile alilojutia?

Mvuvi wa Msanga Mkuu:
Kaka, umbali mnaujadili mkiwa barazani. Siku 84! Mimi nikikosa wiki moja, mwenye duka ananikopesha huku kanuna. Kuna mahali mzee anamwambia kijana chakula kipo, chungu cha wali na samaki, na wote wawili wanajua hakuna chungu wala wali. Pale ndipo kitabu kiliponishika, papa sikuwajali. Asingekwenda mbali angekula nini? Na sisi kila siku tunahimizwa tuache miamba ya karibu, twende maji makuu. Leo unaniambia kwenda mbali ndiyo kosa. Tushike lipi?

Dada wa Lindi Mjini:
Nyote mnachimba pasipo na maji. Hemingway mwenyewe alimwandikia mhakiki wa sanaa Bernard Berenson mwaka huo huo wa 1952 kwamba hakuna ishara yoyote: bahari ni bahari, mzee ni mzee, samaki ni samaki. Tumwamini mwenye kitabu.

Mleta mada:
Dada, mwenye kitabu ana haki ya kukana, ila kaandika mzee mwenye viganja vilivyochanika, anapanda mlima na mlingoti begani, anaanguka, anainuka, kisha analala kifudifudi mikono kaitanua. Msomaji akikumbuka msalaba utamlaumu? Nakupa moja lakini: papa ni papa kweli. Wanakula kwa kuwa kuna damu majini. Anayewageuza mashetani hajapata kuishi nao.

Kilwa Yetu:
Naongeza la huku kwetu. Mwaka 2003, Songomnara, jarife iliyotegwa kwenye kina kirefu kwa ajili ya papa ilinasa silikanti, samaki wa jamii ambayo wataalamu waliwahi kudhani ilikwisha mamilioni ya miaka iliyopita. Hakuna aliyekuwa akimtafuta. Ukishusha nyavu kwenye kina usichokijua, hujui utapandisha nini.

Mkongwe wa Mikindani:
Wanangu, nawasoma. Mbona wote mmeruka ukurasa wa mwisho? Watalii wako mkahawani, wanauona ule uti wa mgongo mweupe unaelea kwenye takataka. Mwanamke anauliza ni nini. Mhudumu anajaribu kueleza papa walichofanya, yule mama anaelewa kwamba huyo ndiye papa, na anausifu mkia. Basi. Mzee kakaa siku tatu baharini akijiuliza kama kuna mtu anayestahili kumla samaki yule, na jibu alilojipa ni hapana. Nami nikiona pweza wetu wakipakiwa kwenye barafu waende wasikojulikana, huwa namkumbuka yule mama. Yeye hakurusha baruti wala hakwenda mbali. Alikuwa anakula chakula cha mchana.

Mleta mada:
Shikamoo mzee wangu. Hilo limekaa.

Nimjibu kaka wa Msanga Mkuu. Maji makuu sina ugomvi nayo. Hesabu mara ngapi mzee, mkono ukikakamaa au mshipi ukimkata, anasema laiti kijana angekuwapo. Kwangu mimi mbali mno ni mbali na Manolin. Alikwenda peke yake, akanasa samaki asiyewezwa na mtu mmoja. Tazama kisiwa cha Songosongo, Kilwa: mwamba wa pweza unafungwa kwa miezi kadhaa kwa makubaliano ya kijiji, siku ya kuufungua wanashuka wote. Mpaka umewekwa na wengi, na wengi wanaulinda. Santiago hakuwa na wa kumwambia geuza.

Mvuvi wa Msanga Mkuu:
Umesema vizuri, ila kijana aliondolewa na wazazi wake kwa kuwa chombo kingine kinaingiza. Usiwaseme vibaya, hata mimi nimefanya hivyo hivyo. Mwanangu nimempeleka VETA akasomee umeme, na sitamrudisha. Sasa huo umoja unaousema, kwenye mashua yangu nani atanishikia upande wa pili wa mshipi?